Mpiga Picha Asiyewasha Taa

Shughuli nzima ilinigharimu filamu nne, halua kilo mbili, doti moja ya kanga na ahadi moja. Filamu zilikuwa ghali, lakini niliikata bei yao mpaka ikaona haya. Halua niliagiza kilo moja. Ikawa mbili kwa sababu shangazi yangu ndiye aliyetumwa kuichukua, na shangazi huonja njiani. Kanga ilitoka dukani kwangu mwenyewe, kwa hivyo niliilipia mara mbili, mara ya kwanza kwa mfuko na mara ya pili kwa roho. Ahadi ilikuwa bure. Mimi nauza kanga Biashara Street tangu nikiwa msichana, na mtu akiniambia kitu ni bure, kwanza hushika mkoba wangu. Siku ile sikuushika.

Na yote hayo yalikuwa kwa ajili ya picha moja: mamangu na mdogo wangu wa mwisho, pamoja, macho ya mamangu yakiwa wazi. Hilo la macho ndilo lililokuwa na kazi.

Aliyenitoza alikuwa mpiga picha wa akina mama wa Mji wa Kale. Jina lake silitaji, mwenyewe hakupenda litajwe. Nyumba zote za Kibokoni zilimwita mpiga picha, kana kwamba Mombasa nzima ilikuwa na mmoja. Walikuwako wengine, wenye studio na mapazia yaliyochorwa maporomoko ya maji, lakini hao walikuwa wanaume, na siku ya kupamba mwanamume haingii. Siku hiyo bibi harusi huketishwa juu akaonyeshwa, na wanawake wamevua mabuibui, nywele zi wazi, dhahabu zi nje, wanacheza mpaka sakafu yaomba radhi. Mwanamume anayeruhusiwa ni yule ambaye bado ananyonya.

Huyu wetu alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ambayo akiita Kibokoni huitikwa Likoni. Ungemdhani muuza samaki mpaka umwone akishika kamera. Hapo alikuwa mwepesi kama paka juu ya kabati la vyombo.

Ugomvi wake mkubwa hapa duniani ulikuwa na flashi, ile taa ya kamera inayopasuka usoni. "Flashi ni askari," alikuwa akisema. "Yaingia nyumbani bila hodi, yakumulika, waonekana kama umekutwa na mali ya watu." Albamu za wapiga picha wengine alizifungua kwa ncha za vidole, kama mtu anayefunua sufuria asiyoiamini.

"Mwone huyu. Uso mweupe kama unga, na nyuma yake giza tupu. Kwani aliolewa kisimani?"

Yeye alitaka ukuta uonekane, na makochi, na nyanya aliyesinzia pembeni, na moshi wa udi ukipanda. Alitaka picha inukie. Lakini ukipita kwake hata saa sita mchana, taa zote zawaka, ukumbini, jikoni, mpaka chooni. Mtu aliyegombana na taa, bili yake ya stima ilikuwa kubwa kuliko ya duka langu. Nilimwuliza siku moja.

"Mimi sichukii taa, Bi Kanga," akanijibu. Bi Kanga ndiyo mimi. "Nachukia taa yenye pupa."

Silaha yake ilikuwa filamu kali. Filamu ya kawaida, ya kupigia watoto ufuoni jua likiwaka, kisanduku chake kiliandikwa mia moja au mia mbili. Yake iliandikwa elfu moja na mia sita. Namba ikiwa kubwa, alinieleza, filamu yatosheka na mwanga kidogo. Hata ndani ya nyumba, hata kwa mwanga wa dirishani, picha yatoka bila flashi.

"Kwa hivyo hii ni bora mara kumi na sita?"

"Ni kali mara kumi na sita."

"Na bei?"

"Bei si mara kumi na sita. Shukuru Mungu."

Madukani mwetu filamu hiyo haikuwako. Aliletewa na mpwa wake, karani wa kampuni ya kutoa mizigo Kilindini, aliyekuwa na urafiki na mabaharia. Ilikuwa lazima ije kwa meli. Waliwahi kumpandishia moja kwenye ndege, ikapita kwenye ile mashine ya kuchungulia mizigo, ikatoka na ukungu. Harusi nzima ikaonekana kama ilifanyika ndani ya bakuli la uji. Tangu hapo, mtu akimwambia mpwa wake anasafiri kwa ndege, yeye husema, "Salama aende, filamu zangu aziache."

Joto la Mombasa nalo huiharibu filamu kali upesi, kwa hivyo alizitunza kwenye friji, ndani ya mkebe wa biskuti, baina ya achari na samaki. Wageni wakija kutafuta maji baridi, sauti yake ilisikika kutoka chumba cha tatu: "Mkebe mwekundu si wa biskuti!" Asubuhi ya harusi alizitoa mapema, akazifunga kwenye kitambaa, akaziacha zitokwe na ubaridi polepole. "Ukiifungua mapema yatoa jasho," alisema. "Na jasho kazi yangu mimi."

Hayo yote alijifunza kwa kuharibu. Mara ya kwanza alipoitumia chini ya taa za tyubu, ukoo mzima ulitoka kijani kama mchicha. Alilipwa nusu, akanuna mwezi. Mara ya pili ilikuwa chini ya balbu za kawaida, na kila mtu akatoka rangi ya manjano iliyoiva. Safari hii alikaa akingoja matusi. Mama wa bibi harusi akazitazama picha, akashika kifua, akasema, "Masha Allah, singo imemkubali mwanangu!" Alidhani ni ile dawa ya manjano tunayomsugua bibi harusi wiki nzima ili ang'ae. Mpiga picha wetu hakumkosoa. Aliongeza bei.

Hakuwa mnyenyekevu, nisije nikamsingizia. Akisifiwa hakusema "ni Mungu tu". Alisema, "Bado hujaona ile ya pili." Lakini alikuwa na kauli moja aliyoirudia kila harusi, watu wanapomlalamikia kuwa wametoka wanene: "Mimi sichukui sura zenu. Nachukua mwanga. Sura mtabaki nazo."

Kwa kuwa mwanga wa ndani ni mchache, kamera yake ilikuwa ikifungua jicho lake kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, na mkono ukitikisika, picha nayo inatikisika. Kwa hivyo aliegemea. Aliegemea ukuta, kabati, mlango, mara nyingine bega la mtu asiyemjua. Halafu alipiga kelele, "Haya, pumzi!" na ukumbi mzima ukaacha kupumua. Yeye ndiye aliyehitaji kubana pumzi, lakini alisema hawezi kubana peke yake huku watu wakimpumulia. Nimeona wanawake thelathini wamefura mashavu kama samaki chewa, machozi yawatoka, wanaogopa kupumua wasije wakaharibu harusi.

Wala hakuwaambia watu wacheke. Aliuliza bei. "Nyanya Marikiti zauzwaje?" Basi nyuso zote zikaamka, kila mtu na bei yake na malalamiko yake, na hapo ndipo alipopiga.

Sasa nije kwa mamangu. Alikuwa amepigwa picha mara moja tu maishani mwake, ya kitambulisho. Flashi ilipopasuka alifumba macho, kitambulisho kikatoka na picha ya mtu aliyelala. Karani mmoja wa benki aliitazama, akamtazama, akamwuliza kwa adabu kama mwenyewe yu hai. Mamangu akaapa hapigwi tena. Halafu akatolewa mtoto wa jicho, na daktari akamwambia ajihadhari na mwanga mkali kwa muda. Hilo la "kwa muda" hakulisikia. Alilosikia ni kwamba serikali sasa iko upande wake.

Na mdogo wangu alikuwa anaolewa na kijana wa Maskati. Harusi ikiisha, hazitapita wiki mbili atapanda ndege.

"Dada, sitaki dhahabu zaidi," aliniambia tukipaka hina. "Nataka picha niko na mama. Ile ya kitambulisho siwezi kuitundika ukutani, wakwe watanipa pole."

Nikaenda kwa mpiga picha. Nilimkuta anakunywa chai ya moto kwa haraka, kama kawaida yake. Mtu aliyewafundisha watu wote subira hakuwahi kungoja kikombe kipoe. Nikamweleza: hakuna flashi, mama hataki, daktari hataki, na picha lazima.

"Basi ni ile kali," akasema. "Filamu nne." Akataja bei.

Nilicheka kwanza, kama inavyopasa. Kisha nikanyanyuka niende zangu. Nikafika mlangoni, hakuniita. Nikarudi kuchukua kiatu ambacho sikukisahau. Hapo akashuka kidogo. Mimi nikapanda kidogo zaidi ya kidogo. Tukasukumana hivyo mpaka chai yake ikaisha, na bado palikuwa na pengo baina yetu ambalo hakuna aliyetaka kulivuka.

"Haya," akasema, "pengo hili nalifuta. Lakini waniahidi kitu. Siku nitakayotaka, utanipiga mimi picha. Ndani ya nyumba. Bila flashi."

"Mimi? Sijawahi kushika kamera."

"Ndiyo maana nimekufutia kidogo tu."

Nikakubali mbio mbio asije akaghairi. Njiani nikapiga hesabu, nikapiga tena, nikajiona nimemla. Nilitembea mpaka dukani nikicheka peke yangu, mpaka muuza kahawa akaniuliza nimeokota nini.

Siku ya kupamba ikafika. Nyumba yetu ni ya chini, ukumbi wake una dirisha moja kubwa linalotazamana na baraza ya jirani, na kwenye baraza hiyo wazee wa kahawa hukaa tangu alasiri. Nikamwambia shangazi, aliyekuwa msimamizi wa kila kitu, kwamba mpiga picha anakuja na filamu maalumu inayopiga penye mwanga mdogo. Nilitaka atulie. Kosa langu ni kumpa shangazi habari nusu.

Tulipoingia mimi na mpiga picha, ukumbi ulikuwa giza totoro. Tukasikia bangili zalia huku na huku, na mtoto akiulizwa wewe ni wa nani. Shangazi alikuwa katikati, ameridhika.

"Nimezima zote," akasema. "Na mapazia nimeyafunga. Tundu la ufunguo nimelitia pamba. Haya, hiyo filamu yenu na ione."

"Nani kafa?" mpiga picha akauliza.

"Si nimeambiwa yaona gizani?"

"Ni filamu, bibi, si paka!"

Taa zikawashwa. Zilikuwa za tyubu. "Zima," akasema mpiga picha, "sitaki mchicha." Zikazimwa. "Fungua dirisha." Hapo wanawake wote wakapiga kelele, maana nje wazee walikuwa wamejipanga na vikombe vyao, na ndani watu walikuwa vichwa wazi. Bibi harusi juu ya kiti chake, amepambwa asumini mpaka masikioni, akaanza kunitazama kwa jicho la kusema dada, picha yangu yaenda.

"Bafta," mpiga picha akaniambia. "Nyeupe, nyepesi. Tukiitundika dirishani, mwanga utaingia na macho yatabaki nje."

Nilikwenda dukani na kurudi mbio. Tukaitundika. Na kweli, ukumbi ukajaa mwanga laini mweupe, kila mtu akaonekana vizuri. Aliyeonekana vizuri kuliko wote ni shangazi, mdomo wazi, kidole kimenyooka.

"Sanda! Mmetundika sanda kwenye nyumba ya harusi!"

Ni kweli kwamba bafta ndiyo tunayowavisha waliotutoka. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo mpaka likatajwa, na lilipokwisha kutajwa hakuna aliyeweza kufikiria jambo lingine. Wa mbele wakasoma audhu kumfukuza shetani, wa nyuma wakaanza kucheka. Kutoka chumbani ikaja sauti ya mamangu: "Jamani, nani kafa tena?"

Bafta ikashushwa. Palibaki doti moja ya kanga niliyokuja nayo, zawadi niliyomletea shangazi mwenyewe, ya waridi yenye pindo jekundu. Tukaitundika. Shangazi akasoma maandishi yake. Jina la kanga hiyo silitaji, lilikuwa la mafumbo, na shangazi alikuwa na hakika kwamba linamsema yeye. Ikabidi tuigeuze, maandishi yaelekee nje. Kwa hivyo wazee wa kahawa waliyasoma jioni nzima, na kila mmoja wao alikwenda nyumbani akiamini ameandikiwa yeye.

Lakini mwanga ulioingia! Ulikuwa wa waridi. Ukumbi mzima ukawa kama umetoka kuambiwa jambo la aibu tamu. Mpiga picha akatazama, akatikisa kichwa, akasema, "Haya, leo twatoka hivi."

Mamangu akaletwa, amevaa vizuri, akaketishwa karibu na binti yake kando ya dirisha. Akaweka mikono magotini, akanyoosha shingo, akafumba macho.

"Haya, pumzi!" Ukumbi ukabana.

"Mama, fumbua macho," mpiga picha akasema.

"Nangoja upige."

"Sipigi mpaka ufumbue."

"Na mimi sifumbui mpaka upige. Ile taa ikishapita, nitafumbua."

"Haina taa, mama."

"Picha haina taa? Mimi nilizaliwa jana?"

Kwa mamangu, picha ndiyo ile taa. Isipopasuka hujapigwa. Huku wanawake wamebana pumzi, shangazi amekuwa rangi ya bilingani, na bibi harusi midomo yatetemeka. Sikujua kama ni kicheko au kilio. Wiki mbili, nilijisemea, na atakwenda Maskati na picha ya maiti mbili, moja ya kitambulisho na moja ya waridi.

Mpiga picha akashusha kamera mpaka kifuani. Akapumua kwa sauti.

"Basi. Nishapiga. Kwisha."

Mamangu akafumbua. "Kwisha? Umepiga nini?" Akamgeukia bibi harusi, viganja wazi, macho yote mawili yametoka. "Mwanangu, wamekula pesa zetu! Hata sijaona cheche!"

Mdogo wangu akapasuka kwa kicheko, akamwangukia begani, na mamangu, alipoona mtoto acheka, akacheka naye bila kujua sababu. Ukumbi mzima ukaachia pumzi kwa pamoja, pazia la kanga likapepea. Na katikati ya kelele hiyo nikasikia mlio mdogo, tik, tik, tik. Mpiga picha alikuwa ameegemea kabati, kiwiko juu ya sahani ya halua, apiga.

Ilibaki kusafisha filamu, picha zitoke. Picha za akina mama vichwa wazi hazipelekwi kwa mwanamume kuzitazama, na mashine ya kusafisha picha ilikuwa ya mwanamume, Mhindi mmoja Mwislamu mwenye duka mjini. Mpiga picha alikuwa na mpango wake na mke wa mwenye duka, na mpango huo ulikuwa Ijumaa. Adhana ya Ijumaa ikilia, mwenye duka na vijana wake waondoka kwenda msikitini. Mke ageuza kibao cha kufunga, avuta komeo, nasi twaingia kwa mlango wa nyuma. Wenyewe wakirudi, wakuta mashine ya moto na mke anafuta vumbi. Mume alijua, bila shaka. Alikuwa muungwana, akirudi alikohoa tangu njia panda.

Kwa hivyo harusi zote za Mji wa Kale zilisafishwa hotuba ikiendelea. Mpiga picha aliwapenda makhatibu wenye maneno mengi. "Leo yule mzee ndiye anayehutubu," alikuwa akisema kwa furaha, "tutatoa hata za kuzidi."

Ijumaa ile mke wa mwenye duka alikuwa na mashaka. "Arre, bibi, nyekundu sana hii. Mashine yasema makosa."

"Mashine ilialikwa harusini?"

"Hapana."

"Basi inyamaze."

Mke wa mwenye duka akabonyeza hapa na pale ili mashine isiiondoe rangi, na picha ikateleza nje, bado ya moto. Nikaishika pembeni. Nikahesabu macho: manne. Nikahesabu tena. Manne. Nilimkumbatia mpiga picha, nikamkumbatia mke wa mwenye duka, ningeikumbatia na mashine kama haingekuwa ikichoma.

Mamangu aliichukua picha akaipeleka mlangoni penye mwanga.

"Mbona nimenyunyiziwa sukari?" Filamu kali huwa na chembechembe, hilo halikwepeki.

"Ni filamu, mama."

"Na haya mashavu?"

"Ni kanga."

Akaileta karibu, akaisogeza mbali. Kisha akasema polepole, "Sikujua kama mimi nacheka hivi." Na akaniagiza itolewe nyingine, mtoto aende na yake, na yeye abaki na yake. Huko Maskati, mdogo wangu anasimulia, kila mgeni huuliza katika hao wawili yupi ndiye bibi harusi.

Ahadi niliisahau kabisa. Yeye hakuisahau.

Miaka ya tisini ilipokuwa ikielekea ukingoni, harusi zikaingiwa na video, na video ikaja na mataa makubwa kama ya kushushia mizigo Kilindini. Mabibi harusi walitoa jasho, wanja ukatiririka, na hakuna aliyejali tena chembechembe wala moshi wa udi. Mpiga picha akawa haonekani sana. Alhamisi moja asubuhi akaingia dukani kwangu, akajitupa kwenye benchi, akajipepea kwa kanga ya kisutu iliyokuwa ya kuuzwa.

"Nimekuja kudai."

"Kudai nini? Nilimaliza zamani, na nina—"

"Ahadi," akasema, na akatoa kamera kwenye kikapu. "Mjukuu wangu jana amepekua albamu za mtaa mzima akinitafuta. Wote wamo. Shangazi yako yumo, ala. Paka wa jirani yumo mara tatu. Mimi simo hata moja." Akaangalia pembeni, kwenye mafungu ya kanga. "Mtu atasema niliwaota tu."

Sikuwahi kumwona hivyo. Nikanawa mikono.

Filamu ilikuwa ya mwisho kwenye mkebe mwekundu, kali ile ile, tarehe yake imepita zamani. Akaitia mwenyewe, akapanga namba mwenyewe, akanipa kamera, akaketi chini ya rafu ya kanga na kuanza kunifundisha na kunitukana kwa pamoja.

"Kiwiko kwenye kaunta. Kiwiko, si tumbo! Wanipiga dari. Bana pumzi. Si sasa, utakufa. Sasa!"

Na nilipoweka jicho kwenye kamera nikamwona amenyoosha shingo, mikono magotini, macho ameyafumba.

"Dada, fumbua."

"Piga kwanza."

"Hata flashi haina!"

"Najua kama haina! Mimi ndiye niliyekwambia!" Lakini macho hakufumbua. Mteja mmoja aliyekuja kuulizia bei akasimama mlangoni, na bila kuambiwa akabana pumzi.

Nikashusha kamera. "Basi. Nishapiga. Kwisha."

"Muongo!" akafumbua macho. "Hiyo ni yangu, wanitilia mimi uongo wangu mwe—" na akakatwa na kicheko chake mwenyewe, kile kinachosikika Likoni, na mimi nikapiga. Nikapiga tena, na tena, nacheka, yeye acheka, mteja acheka, mpaka filamu ikagoma.

Ijumaa tukaingia kwa mlango wa nyuma. Picha zikateleza nje, na ile ya kicheko ilikuwamo. Rangi imegeuka kidogo kwa uzee wa filamu, kanga nyuma yake zaonekana zote, na yeye katikati, meno nje. Nikahesabu macho: manne. Nikahesabu tena. Manne.

Tatizo ni kwamba safari hii aliketi peke yake.

Mkono wangu ulitikisika kwa kucheka. Katika kila picha wamo wawili, mmoja acheka na wa pili, kando yake kidogo, amsaidia. Mke wa mwenye duka alisema, "Arre, pacha." Mpiga picha akaitia ile ya kicheko mkobani, na tulipofika nje akaanza kudai.

Tangu siku hiyo amenishikilia nimlipe filamu. Asema ilikuwa ya mwisho Mombasa, na kwamba ahadi ilikuwa picha ya mtu mmoja. Mimi namwambia nimempa watu wawili kwa bei ya mmoja, hilo hata Biashara Street halipatikani, na kama ni kulipa, yeye ndiye aongeze. Anakataa. Lakini picha yenyewe haiachi. Hutembea nayo mkobani, na juzi nimemkuta Marikiti akimwonyesha muuza nyanya, amweleza yupi kati ya wale wawili ni yeye hasa.

Basi nyinyi mnaojua kununua na kuuza, nishaurini: nimlipe filamu, au nimdai huyo wa pili?